Bibi Aliyepiga Rimu ya Lori

Isome mpaka mwisho kabla hujaituma kwenye kundi la familia. Kuna watu hutuma kwanza, wakaja kusoma inapowarudia.

Palikuwa na binti wa Tukuyu aliyeitwa Atuganile. Kanisa lake lilimchagua kwenda Uholanzi kusomea umisionari, na msije mkadhani alikwenda kusoma ili arudi kuhubiri kwao. Kwao wahubiri wapo wa kutosha, na wengine wamezidi, kila mmoja na kipaza sauti chake. Atuganile alikwenda kuandaliwa ili ahubiri huko huko Ulaya, kwenye vijiji ambavyo makanisa yake ni makubwa na waumini wake wanaenea kwenye benchi moja.

Siku ya kumuaga, mchungaji alisimama akasema, "Wazungu walituletea Injili kwa miguu. Sisi tunawarudishia kwa ndege." Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wa nyumba ya mchungaji wakakimbilia migombani.

Bibi yake, Bibi Tusekile, hakupiga kigelegele. Alimrekebishia mjukuu wake kola ya koti na kumwambia, "Wanasema kule kuna baridi, utavaa makoti mawili. Usije ukavaa na sura mbili juu yake, utachoka bure."

Atuganile alicheka. Alikuwa kijana, na kijana akiambiwa neno la maana na mtu anayemfungia kifungo, hucheka.

Chuo chenyewe kilikuwa kaskazini mwa Uholanzi, kwenye kijiji ambacho ng'ombe ni wengi kuliko watu. Mkuu wa chuo, Mama Tineke, alikuja kumpokea kituoni na mwavuli. Ujanani mwake mama huyu aliwahi kuwa muuguzi Tabora, na Kiswahili alikuwa nacho kizuri tu, isipokuwa kitu kimoja: alimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa chekechea.

"Shikamoo, Atuganile! Pole sana na mvua hii."

Atuganile, aliyekuwa anatafuta namna ya kuipokea shikamoo ya mama wa umri wa bibi yake, alitazama juu. Vimatone vilikuwa vinadondoka kwa aibu aibu.

"Mvua hii, Mama? Hii kwetu tunaanikia nguo."

Mama Tineke alicheka mpaka mwavuli ukamgeukia.

Siku za kwanza zilikuwa nyepesi kuliko alivyotegemea. Alijua baridi, maana Tukuyu si Dar es Salaam. Alijua maziwa. Ng'ombe wa kule walikuwa na hereni za namba masikioni kama watu wanaokwenda kufanya mtihani, lakini walitafuna na kupumua kama ng'ombe wote anaowafahamu, na jioni alipopita karibu na uzio walimsogelea. Wanachuo wenzake walikuwa wametoka Brazili, Ufilipino, India, Ghana na Kenya, na wote kwa muda ule walilala kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya magodoro, kama watoto wa kipaimara kambini.

Kisha Mama Tineke akawakusanya na kuwaeleza utaratibu.

"Chuo chetu hakina mabweni," alisema. "Kila mmoja wenu ataishi na familia ya hapa kijijini mwaka mzima. Jumapili mchana wanakijiji watakuja kanisani. Kila mgeni atasimama atoe ushuhuda wake. Mtu akiguswa, atainua mkono, na huyo ndiye atakuwa mwenyeji wako."

Atuganile aliuliza, "Na asiyeinuliwa mkono?"

Mama Tineke alishusha sauti. "Hurudi kwao. Inaniuma kila inapotokea. Lakini serikali haimpi kibali mgeni asiye na mwenyeji, na kuwalazimisha watu kukaa na mtu hatuwezi."

Atuganile alikuwa amehudhuria minada ya ng'ombe pamoja na baba yake. Aliutambua mnada alipouona, hata ukifanyiwa kanisani na kufunguliwa kwa sala. Alichokuwa hajawahi kukifanya ni kusimama mnadani akiwa upande wa kwato.

Na kurudi ilikuwa ni kurudi wapi? Pale pale kwenye vile vigelegele.

Jioni walikaa ukumbini kufanya mazoezi ya shuhuda zao kwa Kiingereza. Hapo ndipo Atuganile alipofahamu kwamba amekuja shuleni bila kalamu.

Mmoja alikuwa ameponea kwenye mafuriko akiwa amening'inia kwenye paa. Mwingine aliwahi kuwa jambazi. Lakini aliyewashinda wote alikuwa Barasa, kijana wa Bungoma, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ambayo hata akiomba chumvi mezani unatamani kuokoka. Barasa alisimulia jinsi alivyozama kwenye dawa za kulevya, akalala mitaroni, akafa, akafika kuzimu, akaonyeshwa kiti chake kikiwa tayari kimefutwa vumbi, kisha akarudishwa. Mbrazili alilia. Mghana alisema "Amina" mara nyingi kuliko palipokuwa na nafasi za kusema amina.

Zamu ya Atuganile ikafika.

"Naitwa Atuganile. Nimezaliwa kwenye familia ya Kikristo. Nililelewa kanisani. Sijawahi kuondoka."

Wakasubiri. Barasa, aliyekuwa peke yake anayejua Kiswahili miongoni mwao, alimwinamia. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu shetani akafanya nini?"

"Sijui, kaka. Hatukuwa na mazungumzo."

Barasa alimvuta pembeni, penye birika la chai. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana alisikilizwa.

"Dadangu, wacha nikuambie ukweli. Hawa watu wamekaa kwenye viti kutungojea sisi Waafrika. Wanataka kutetemeka kidogo halafu waende nyumbani kula viazi. Ukiwapa 'nililelewa kanisani,' nani atainua mkono? Una bibi?"

"Ninaye."

"Safi. Anafanya nini?"

"Anapiga kengele ya kanisa."

"Kengele ipi?"

"Rimu ya lori. Imetundikwa kwenye mparachichi."

Barasa alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Ukisema rimu ya lori hapa, kesho kutwa unalala uwanja wa ndege. Sikia. Mfanye huyo bibi mganga. Mpe tunguri, mpe ngozi ya chui, nyoka hata mmoja. Alitaka kukurithisha uganga, wewe ukakataa, ukatorokea kanisani usiku na mvua. Mvua si kwenu ipo?"

"Mvua ipo."

"Basi, hiyo ni nusu ya ukweli. Wasiojua hata Tukuyu iko wapi, bibi yako watamjulia wapi?"

"Barasa, bibi yangu hata panadoli huikata nusu. Anaogopa dawa za dukani, sembuse za porini."

"Na hayuko hapa," Barasa alisema. "Wewe ndiye uko hapa."

Atuganile alimwambia akome. Lakini neno liliingia na kujitafutia pa kukaa. Kesho yake alijikuta chooni, mbele ya kioo, akimwambia bomba la maji kwa sauti ya chini: "Bibi yangu alikuwa mganga aliyeogopwa wilaya nzima ya Rungwe." Akairudia. Mara ya kwanza ilimkwama. Mara zilizofuata ilitoka laini, na hilo ndilo lililomtia hofu, kwamba ilitoka laini.

Jumapili asubuhi aliamka mapema, akalala macho wazi akingojea.

Alichokuwa anangojea hakukijua mpaka kilipokosekana. Kengele. Juu ya ukumbi ule palikuwa na mnara wa matofali mekundu ambao ukisimama chini yake shingo inauma, na Jumapili imeingia, na mnara umenyamaza kama shamba.

"Mama Tineke," aliuliza wakati wa chai, "kengele hamna?"

"Ipo. Njoo."

Alimpeleka nyuma kabisa ya kanisa, kwenye mlango mdogo wa mbao. Ndani palikuwa na chumba chembamba, na kamba nene ikishuka kutoka gizani juu. Mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye ndoano ukutani kwa fundo gumu, na juu ya fundo buibui walikuwa wameshajenga, wakazaa, wakajukuu.

"Alikuwa akiipiga Mzee Wiebe," Mama Tineke alisema. "Mkulima, shamba lake lile pale. Alipiga tangu ujana wake. Watu wakapungua, wakapungua. Jumapili moja alipiga, akatoka hapa, akakuta kanisa zima ni yeye na mchungaji. Akarudi, akaifunga hiyo kamba. Hajaigusa tena. Hajamruhusu mtu mwingine aiguse."

"Bado yupo?"

"Yupo, na hasira zake zipo. Leo utamwona. Huja kila mwaka kuwasikiliza wageni, hukaa kiti cha mwisho, mbele ya mlango huu. Mkono wake hajawahi kuuinua."

Mchana watu wakaja. Wazee ndio walikuwa wengi, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, na familia chache zenye watoto. Walikaa mbali mbali, kila mtu na benchi lake, kama ndege kwenye waya. Kule nyuma kabisa alikaa mzee mpana, mikono ameikunja kifuani, uso kama mlango uliofungwa kwa ndani. Atuganile hakuhitaji kuonyeshwa kwamba yule ni Mzee Wiebe.

Wanachuo wakasimama mmoja mmoja, na Mama Tineke akatafsiri. Wa mafuriko akapata mkono. Jambazi akapata mkono, tena wa mama mmoja mjane aliyeishi peke yake, jambo ambalo hata jambazi mwenyewe lilimshangaza.

Barasa alipomaliza kuzimu, mikono iliinuka kama ya darasa linalojua jibu. Wa kwanza kuinuka, na wa mwisho kushuka, ulikuwa wa mama mmoja mwembamba aliyeitwa Bi Hiltje. Hakuushusha mpaka alipoambiwa kwamba Barasa ni wake.

Kisha akabaki Atuganile.

Alisimama mbele. Alivaa kitenge alichoshonewa na akina mama wa kwaya, na juu ya kitenge koti moja. Alitazama nyuso zile. Akavuta pumzi ya chooni, ile ya mazoezi, na kuanza.

"Bibi yangu alikuwa..."

Mama Tineke akatafsiri, "Bibi yangu alikuwa," na kumngojea.

Na katika kule kungojewa, Atuganile alimwona. Si kwa maono ya kuzimu, kwa macho ya kawaida tu ya mjukuu. Alimwona Bibi Tusekile amesimamishwa pale mbele ya wageni, mdogo, na sketi yake ya Jumapili na sweta la kijani lililoisha viwiko, huku mtu akimning'iniza tunguri shingoni. Na bibi hakasiriki. Anamtazama tu, kama anayeuliza: ni mimi huyu?

Atuganile alitazama mpaka nyuma, penye ule mlango mdogo.

"Bibi yangu alikuwa mpiga kengele," alisema. "Na bado ni mpiga kengele."

Barasa, kwenye benchi la mbele, aliinamisha kichwa kama mtu anayezika.

"Kengele yetu ni rimu ya lori. Lori lilipinduka kwenye kona ya Kiwira kabla sijazaliwa. Watu walichukua mizigo, bibi yangu akaomba rimu. Aliitundika kwenye mparachichi mbele ya kanisa, na huipiga na kipande cha springi ya lori lile lile. Ikilia, inasikika mpaka mashamba ya chai."

Mama Tineke alitafsiri. Hakuna aliyetikisika.

"Nilipokuwa mdogo, nabii mmoja alikuja akajenga hema chini ya barabara. Alikuwa na vipaza sauti na gitaa la umeme. Watu wetu wote walihamia kule. Hata wazee wa kanisa. Hata mama yangu alikwenda, alisema anakwenda kuangalia tu. Jumapili bibi alipiga rimu na hakuja mtu. Jumapili iliyofuata, akapiga tena. Walimcheka. Vijana walipita wakimwambia, 'Bibi, unampigia nani? Mparachichi umeshaokoka!'"

Mtoto mmoja alicheka tafsiri ilipomfikia, mama yake akamfinya.

"Mimi nilimwonea aibu. Nikamwambia, bibi, acha, hawaji. Akanijibu, 'Kengele si ya waliofika. Waliofika si wameshafika? Kengele ni ya ambao hawajaja.' Akaendelea kupiga."

Kule nyuma, kiti kilikwaruza sakafu. Mzee Wiebe alikuwa amesimama. Watu wakageuka. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka, halafu akampa Atuganile mgongo mpana. Hatua zake nzito zilisikika, kisha mlango ukafungwa.

Atuganile alikitazama kile kiti kitupu. Hata mambo ya kuzimu mzee yule aliyasikiliza mpaka mwisho. Bibi Tusekile peke yake ndiye aliyemfukuza.

Alitaka kuketi. Hakuketi.

"Siku moja niliamka nikasikia rimu inalia, nikawaza kwamba bibi yangu yuko kule peke yake. Nikavaa viatu, nikaenda. Sikuitwa na malaika. Nilikwenda kwa sababu bibi alikuwa peke yake. Tukaimba wawili, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Jumapili iliyofuata nikaenda tena, na nyingine, mpaka watu walipoanza kurudi mmoja mmoja, mama yangu wa kwanza, na nabii akahama na gitaa lake. Huo ndio ushuhuda wangu. Nilikwenda, nikabaki. Sina mwingine."

Mama Tineke alimaliza kutafsiri.

"Nani atampokea Atuganile?" aliuliza.

Mzee mmoja alikohoa. Mama mmoja alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Nani atampokea Atuganile?" Mama Tineke aliuliza tena, na safari hii sauti yake haikuwa ya mkuu wa chuo.

Hakuna mkono.

Atuganile alisimama pale pale. Alingojea aibu ije, maana alijua njia yake na alishaiandalia nafasi, lakini haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine, kikamnyoosha mgongo chini ya kile kitenge cha kwaya. Kama ni kurudi, atarudi. Atashuka Tukuyu na sanduku lake, watu watasema watakayosema, na atakwenda moja kwa moja kwa bibi yake na kumtazama usoni bila kupepesa. Ni watu wangapi wanaorudi kutoka Ulaya wakiwa na uwezo huo?

Ndipo juu yao kitu kikakoroma.

Ilianza kama mbao inayolalamika. Vumbi likashuka kwenye mwanga wa dirisha. Njiwa wakatoka mnarani kwa fujo. Kisha mlio mmoja, mzito, wa kutu, uliochelewa kama mtu anayeamshwa. Ukanyamaza. Watu walikuwa wamesimama, hawakujua walisimama saa ngapi. Mlio wa pili ukaja, kamili, ukapita kwenye mabenchi, kwenye mbavu za watu, ukatoka nje juu ya mashamba yale bapa ambako hakuna kilima cha kuuzuia.

Mtoto yule aliyecheka aliuliza swali kwa sauti. Baadaye Mama Tineke alimwambia Atuganile mtoto alisema nini: "Kumbe inafanya kazi?"

Kengele ilipiga, ikapiga. Nje milango ya nyumba ilianza kufunguka. Watu waliokuwa hawakanyagi kanisani walitoka na kandambili kuangalia ni nani amekufa.

Iliponyamaza, mlango mdogo wa nyuma ulifunguka, Mzee Wiebe akatoka. Kumbe hakuwa ametoka nje. Buibui walikuwa kwenye nywele zake na viganja vimemwiva kwa kamba. Alikuja katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasema maneno yake kwa Kiholanzi, mafupi, kama anayetaja bei ya maziwa.

Mama Tineke alijaribu kutafsiri, akashindwa, akajifuta pua, akajaribu tena.

"Anasema, aliifunga ile kamba kwa sababu alidhani anawapigia waliofika. Anasema, hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo." Akamgeukia Atuganile. "Na anauliza kama unajua kukamua."

Atuganile alimtazama mzee yule, akasikia Tukuyu nzima imesimama nyuma yake.

"Mwambie mimi ni Mnyakyusa, mtoto wa wafugaji. Mwulize yeye kama anajua."

Mama Tineke alitafsiri hivyo hivyo bila kupunguza. Kanisa likacheka, na mlango ule wa uso wa Mzee Wiebe ukafunguka. Akainua mkono wake juu kabisa, mkono wa kwanza wa miaka yake yote, ingawa hapakuwa na mwingine wa kushindana naye.

Basi Atuganile akafanya kama alivyolelewa: akachuchumaa mpaka chini kumwamkia mzee. Mzee Wiebe, asiyejua desturi za Rungwe, alidhani binti ameangusha kitu. Naye akainama na magoti yake mabovu amsaidie kukitafuta. Ikabidi watu wawili waje kumwinua.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na wengine huishia hapo. Lakini kuna Barasa.

Watu walipokuwa wanakunywa kahawa, Barasa alimkuta Atuganile uani. Ile sauti yake ilikuwa imekwenda.

"Dadangu, nimekwisha."

"Nini tena? Si umepata mwenyeji, tena wamekugombania."

"Bi Hiltje ana mtoto wa kiume. Anatumia dawa za kulevya. Mchana yuko chumbani, hatoki; usiku hapatikani. Mama anataka nimwambie kijana wake njia niliyotokea." Barasa aliangalia viatu vyake. "Mimi nitamwambia nini? Kuzimu sijafika hata stendi yake. Mimi sigara tu hunikohoza."

Atuganile angeweza kumcheka. Haki alikuwa nayo.

"Ule ushuhuda uliutoa wapi?"

Barasa aliegemea ukuta wa kanisa. Kisha akasema, "Ni wa kakangu mkubwa. Mitaro ni yake. Sehemu ya kurudi ndiyo nilimwongezea mimi. Yeye hakurudi."

Mvua ya aibu aibu ilianza tena. Hakuna aliyeondoka.

"Na wewe ulikuwa wapi wakati huo?" Atuganile aliuliza.

"Mimi? Mimi ndio nilikuwa namtafuta. Kila jioni mama ananituma, nazunguka mji mzima naangalia mitaroni. Nikimpata, namleta mgongoni. Mama anamwosha, anamlisha. Kesho tunaanza upya." Alijifuta uso kwa mkono. "Hiyo si ushuhuda, bana. Hiyo hata mwisho mzuri haina."

"Kaka, yule mama ndani hana haja na mtu aliyefika kuzimu. Kuzimu anaishi nako nyumba moja. Nenda kamwambie uliyoniambia mimi."

"Atanifukuza."

"Akufukuze ukiwa wewe."

Barasa alikwenda. Atuganile aliwaona kupitia dirishani, Mama Tineke katikati yao akitafsiri. Barasa alizungumza bila kurusha mikono. Bi Hiltje alisikiliza, uso ukabadilika, ukawa mgumu, na Atuganile akafikiri: basi, amekwisha kweli.

Bi Hiltje aliuliza swali moja tu. Aliuliza, "Ulikuwa unamkuta wapi, mara nyingi?"

Barasa akamjibu.

Mama yule akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. Alichukua koti lake, akachukua na begi la Barasa, akatangulia kwenye gari kumfungulia mlango.

Jumapili iliyofuata Mzee Wiebe alipiga tena, na Atuganile aliinua simu yake chini ya mnara, akairekodi ile kengele na kuituma Tukuyu. Kisha akapiga simu asikie bibi atasema nini. Aliwaza machozi. Aliwaza labda maombi.

"Nimeisikia," Bibi Tusekile alisema. "Kengele nzuri, kubwa. Lakini huyo mzee mbona anapiga kama anafukuza nyani kwenye mahindi? Mwambie atulie. Kati ya mlio na mlio awaachie watu nafasi ya kuvaa viatu."

Atuganile alimfikishia Mzee Wiebe ujumbe kama ulivyo. Mzee alinuna mpaka chakula cha jioni. Lakini Jumapili nyingine, kijiji kizima kilisikia tofauti.

Funzo: Ukisimama mbele za watu, simama na maisha yako mwenyewe, hata yakiwa madogo kama rimu ya lori; ya kuazima yatakupatia makofi, lakini siku mwenye shida atakapokujia, hutakuwa na chochote cha kumpa.